Mashangazi wa Kuazimana

Aliyenipeleka kwenye yale mashindano ni mjukuu wangu Edna, na simlaumu, kwa sababu hakunifunga kamba. Alikuja nyumbani Lumemo Jumapili moja baada ya misa, akanikuta jikoni nakula wali, sufuria mapajani. Akasimama mlangoni akaniangalia.

"Bibi, sahani zimekwisha?"

"Zipo."

"Sasa mbona unakula kwenye sufuria?"

"Nikipakua nitampakulia nani?"

Alikaa kwenye kinu kilicholala, akavua viatu vyake vya mjini, akaniambia habari za kazini kwake. Edna anafanya kazi kwa kijana anayeitwa Gosbert, mwenye televisheni ya mtandaoni katika fremu moja ya duka kule mtaa wa Viwanja Sitini. Wanapiga video za harusi, za mahafali, za watu waliogombana. Gosbert sasa alikuwa ameanzisha kipindi kipya, jina lake Mwenza wa Uzeeni. Mzee mmoja mgane anatafuta mke, wajane wanashindana, watu wanatazama kwenye simu, mwisho mzee anachagua. Mshindi anapewa mume, godoro na mtungi wa gesi.

"Mume ni zawadi ya ngapi?" nikamuuliza.

"Ya kwanza, bibi."

"Na godoro?"

"Ya pili."

"Mngegeuza."

Edna akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu mdogo tunaitana mke mwenza, mimi na yeye, kwa sababu alikuwa akidai babu yake ni mume wake. Akaniambia, "Mke mwenzangu, mume wetu amekufa miaka sita sasa. Mimi nina wachumba. Wewe una kuku."

Alisema kwa mzaha, lakini liliingia. Mume wangu Alphonce alipokufa, watoto walikaa siku arobaini, kisha kila mmoja akarudi kwake. Adolf yuko Tunduma, mdogo wake yuko Songea, na mama yake Edna ameolewa Mlimba. Wananipigia simu na wananitumia chochote wakipata, sina la kuwasema. Lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo nikienda kuchota maji naiacha redio ikiongea ndani, ili nikirudi nikute sauti ya mtu. Nilitaka mtu wa kukaa naye jioni. Si zaidi ya hapo. Nilikuwa na miaka sitini na minne na sikuona aibu kulitaka hilo, niliona aibu kulisema.

Nikamwambia Edna aandike jina langu.

*

Tulikwenda wanawake saba. Wanne walirudishwa siku ya kwanza, mmoja kwa sababu anavuta ugoro, mmoja kwa sababu alisema hapiki samaki, na wawili sikujua kosa lao. Tukabaki watatu. Mimi, Devota, na Stefania.

Devota nilikuwa namfahamu kwa sura, anauza vitumbua karibu na stendi. Alijiandikisha kama mjane ingawa mume wake yuko Malinyi anakula na kunywa kwa mwanamke mwingine mwaka wa ishirini sasa. Gosbert alipomuuliza kuhusu hilo alijibu, "Kwangu mimi alikufa. Kama kwako yuko hai, nisalimie." Stefania alitoka Mofu. Mume wake alikuwa mkulima wa mpunga na mvuvi, alifariki mwaka juzi, na kabla matanga hayajaisha shemeji zake wakagawana shamba. Baadaye wakachukua na nyumba. Alipokuja kwenye mashindano alikuwa analala jikoni kwa binti wa dada yake. Hayo hakuyasema mwenyewe. Aliyasema Devota, ambaye alijua habari za kila mtu.

Mzee mwenyewe aliitwa Kasmiri. Miaka sabini na moja, mstaafu wa reli, mrefu, ana kofia ya kijivu na kanzu aliyoshonewa kwa kipaimara cha mjukuu wake, maana alisema ndiyo nguo ndefu pekee aliyokuwa nayo safi. Alikaa kwenye kiti kilichofunikwa shuka jeupe, na utepe mwekundu umefungwa mgongoni mwa kiti. Sisi tulikaa kwenye benchi.

Gosbert alituuliza sisi mbele ya kamera. Umezaa watoto wangapi? Wangapi wamekufa? Umewahi kuwa na mwanaume baada ya mume? Una presha? Una miguu inayouma? Ukikasirishwa, unanyamaza au unajibu? Nikajibu yote, kwa sababu nilifikiri ndivyo inavyokuwa. Nikasema nina presha kidogo, nanywa dawa. Edna alikuwa anaandika alama kwenye daftari, na nilimwona akiinamisha kichwa alipoandika hiyo.

Kisha Gosbert akamgeukia Mzee Kasmiri.

"Mzee wangu, unapenda kula nini?"

"Wali kwa kambale," akasema mzee. "Kambale wa kukausha."

"Safi sana."

Basi, hilo tu ndilo aliloulizwa mzee.

Devota aliniinamia sikioni. "Na miguu yake inauma au haiumi? Au wanaume hawana miguu?"

"Nyamaza, watatusikia."

"Nimenyamaza miaka ishirini, Mama Adolf. Imeshaisha."

*

Shindano la pili lilikuwa la kutwanga. Siku hizi hapa kwetu hakuna anayetwanga mpunga kwa mkono, mashine zipo kila kona, lakini Gosbert alitaka kitu cha asili ili watu wa mjini wapende. Akaleta vinu vitatu, michi mitatu, na mpunga kisado kwa kila mmoja. Atakayemaliza kwanza na mchele wake ukawa mzima, bila chenga, atapata alama kumi.

Nikaanza. Mikono haisahau. Nilikuwa nimeshafika nusu niliposikia mchi wa Stefania. Mtu aliyezoea kutwanga anajua kwa sikio. Mchi wake ulikuwa unagonga ukingo wa kinu badala ya tumbo, halafu unatulia, halafu unagonga tena. Amechoka, au hajala. Mpunga ulikuwa unaruka nje. Sikufikiri chochote. Nilichukua mchi wangu nikaenda kwenye kinu chake, nikauingiza wake ulipopanda, wake ukashuka wangu ulipopanda, na tukaendelea hivyo, kupokezana, kama inavyotakiwa. Kazi ya kinu haifanywi na mtu mmoja wakati mwingine amesimama karibu na mchi mkononi. Mama yangu angenipiga.

Devota naye akaja. Wanawake watatu kwenye kinu kimoja, na kila mchi unajua zamu yake. Stefania akaanza kuguna ule wimbo wa kuvuta pumzi, usio na maneno, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tuko mbele ya watu. Mara ya mwisho kutwanga na mtu sijui ni lini. Huku nyuma kuku wa jirani walikuwa wameingia kwenye kinu changu.

"Kata, kata," Gosbert akasema. Akaja akiwa ameshika kiuno. "Mama zangu, haya ni mashindano."

"Tunajua," nikasema.

"Sasa mbona unamsaidia mpinzani?"

"Mpunga wake ulikuwa unamwagika."

"Ndiyo vizuri, mama. Ukimwagika, wewe unashinda."

Nilimtazama yule kijana. Alikuwa anasema jambo lenye akili kwake. Akamwambia Edna aniandikie sifuri, na Devota sifuri, na Stefania sifuri pia kwa kusaidiwa. Mzee Kasmiri alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake muda wote huo. Nilidhani nimempoteza.

*

Kisha mzee akaja majumbani kwetu, yeye na kamera, kukagua. Kwangu alifika Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nimefagia uwanja, nimepika wali na kambale, nimetoa viti viwili nje kwenye kivuli cha nyumba, vinatazamana. Mzee akapita ndani. Akafungua mtungi wa maji akachungulia. Akapitisha kidole juu ya kabati. Gosbert akaomba kamera ioneshe uvunguni mwa kitanda, ikaoneshwa. Nilisimama pembeni kama mtu anayepekuliwa na mgambo.

"Shikamoo, mzee," nilikuwa nimemwamkia alipoingia.

"Marahaba," akasema, akaendelea kutazama paa.

Akakaa, akala vijiko vitatu, akasema kwenye kamera kwamba chumvi iko sawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo. Nilikuwa nimefikiria hata cha kusema, kwamba nilishawahi kupanda treni mpaka Makambako na Alphonce, labda yeye ndiye aliyekata tiketi yetu. Gosbert akatazama saa, akasema wanawahi kwa Devota. Wakaondoka. Kile kiti cha pili hakikuwa kimepata hata joto.

Siku ya pili yake tulikutana kwenye fremu kusaini karatasi. Tulipokuwa nje tunasubiri bajaji, niliwaambia wenzangu jambo lililonisumbua usiku kucha.

"Wakati naolewa na Alphonce," nikasema, "shangazi yangu alikwenda kwao kwanza. Alikaa siku mbili. Alitazama mama mkwe anaongea vipi, wanaume wa pale wanakula na wanawake au wanawaachia mabaki, kisima kiko wapi. Akarudi akaniambia, nenda, au usiende. Huyu mzee amekagua uvungu wangu. Mimi nani amenikagulia kwake?"

"Shangazi yako yuko wapi?" Devota akauliza.

"Kaburini Mahenge. Wote wako huko."

"Wangu pia," akasema Stefania. Lilikuwa kama neno lake la tano tangu nimjue.

Devota akatafuna kidogo mdomo wake, akasema, "Basi tuazimane. Mimi ni shangazi yako, Mama Adolf. Wewe uwe shangazi wa Stefania. Stefania awe wangu."

"Stefania haongei," nikasema.

"Ana macho. Shangazi wa kuongea ninaye mwenyewe, yumo humu humu ndani yangu."

Karatasi tuliyosaini ilikuwa imeandikwa kwamba hatukuruhusiwa kumwona mzee bila kamera. Hatukuwa tumeisoma, na tungeisoma pia tungekwenda. Alhamisi asubuhi tulibeba mchele kilo mbili, maana shangazi haendi mikono mitupu, tukaenda Viwanja Sitini mpaka kwa Mzee Kasmiri.

Nyumba ni nzuri. Bati la rangi, madirisha ya vioo, dari. Tulipiga hodi mara tatu. Ndani watu walikuwa wanazungumza, mwanaume na mwanamke, lakini hakuna aliyeitika. Tukazunguka nyuma. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu wa kulia ndani ya beseni la maji ya chumvi, suruali imekunjwa mpaka gotini. Kulikuwa na kidonda juu ya kifundo, kikubwa kama kiganja. Pembeni yake masufuria ya siku nyingi yalikuwa yamepangana, na nzi.

Alipotuona alishtuka, akataka kushusha suruali.

"Kamera ziko wapi?"

"Hatukuja na kamera," nikasema. "Shikamoo, mzee. Tumekuja kama mashangazi."

"Mashangazi wa nani?"

"Wa kila mmoja."

Alitutazama mmoja mmoja, akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, nilikuwa sijakisikia mbele ya kamera. Akasema tukae, kisha akakumbuka viti viko ndani na hawezi kuvileta. Stefania akaingia kuvitoa. Alipofungua mlango sauti za ndani zikawa kubwa, na nikaelewa. Ilikuwa redio. Nyumba ilikuwa tupu, na redio inaongea peke yake.

Nilimpokea Stefania viti, nikavipanga.

Devota ndiye aliyeuliza. "Mguu una nini?"

"Sukari. Mwaka wa tano. Kidonda hiki kina miaka miwili."

"Nani anakuosha?"

"Alikuwa mke wangu. Aliniuguza vizuri sana yule mama. Aliniuguza mpaka akafa yeye." Alisema bila kuona alichosema. "Baada yake watoto walileta wasichana wa kazi. Mmoja alikaa mwezi, mwingine wiki mbili. Harufu. Kijana wangu mkubwa akasema, baba, msichana wa kazi anaondoka, lakini mke haondoki. Ndiyo akaongea na Gosbert."

Alisema yote kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi ya kufika stesheni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniumiza zaidi. Tulimwachia mchele. Stefania alikuwa ameshaanza kuosha masufuria, hakuna aliyemtuma.

Njiani tulitoa ripoti zetu kama ipasavyo. Devota alinishika mkono.

"Nakuambia kama shangazi yako. Hutaolewa pale. Utaajiriwa, na mshahara ni godoro."

"Amenitia huruma," nikasema.

"Ndiyo. Ni kazi yenye huruma. Bado ni kazi."

Zamu yangu ilikuwa kwa Stefania. Nikamwambia, "Mguu unanuka, na hautapona leo wala kesho. Mtu mwenyewe si mkali. Hajui kama kuna mwingine duniani anayeumwa, lakini si mkali."

Stefania akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Naye akamgeukia Devota, maana na yeye alikuwa shangazi wa mtu. Akafikiri muda mrefu, tukapita maduka mawili.

"Nyumba ina dari," akasema.

*

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili ya pili ya Agosti, uwanjani. Watu walijaa, mpunga ulikuwa umeshavunwa na kila mtu ana nafasi. Tulivalishwa vitenge vya sare. Mzee Kasmiri alikuwa amekaa kwenye kiti chake chenye utepe, suruali imefika chini mpaka kwenye kiatu. Godoro lilikuwa limesimamishwa nyuma yake, bado kwenye nailoni.

Gosbert akampa maiki. Mzee akasema, "Nimemchagua Mama Adolf. Nilimwona kwenye kinu. Aliacha kazi yake akaenda kumsaidia mwenzake. Ana mkono wa kusaidia. Mimi natafuta mtu wa namna hiyo."

Watu wakapiga makofi. Edna alikuwa nyuma ya kamera, nikaona analia kwa furaha, na mimi moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kama wa msichana, sitaki kudanganya. Nilishaona jioni. Nilishamwona mtu anakohoa chumba cha pili na mimi namuuliza unataka chai. Neno ndiyo lilikuwa mdomoni, zima.

"Mama Adolf, unasemaje?" Gosbert akanisogezea maiki.

"Nina swali kwanza."

"Swali, mama?"

"Mimi niliulizwa presha yangu mbele ya kamera, watu wote hawa wakasikia. Naomba mzee naye aseme anaumwa nini."

Gosbert akacheka kidogo, akaangalia saa. "Mama yangu, maswali hayamo kwenye ratiba ya leo."

"Mwache," Mzee Kasmiri akasema. Akavuta pumzi. "Nina sukari. Na kidonda mguuni."

Uwanja ukanong'ona. Nilimheshimu kwa kusema. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa kwenye nyumba yenye dari.

"Asante, mzee. Mimi nitakuosha mguu, si shida. Nimeuguza watu wengi. Lakini na mimi sina umri wa kucheza. Nikiugua mimi, nani ataniuguza?"

Alinitazama. Sidhani kama kuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza hivyo, na niliona anatafuta kwa dhati, kama mtu anayepapasa mfukoni akijua aliweka kitu humo.

"Hilo sikulifikiria," akasema. Kisha, kwa kunisaidia, "Hapo tutatafuta binti wa kazi."

Niliirudia ile sentensi kichwani. Niliigeuza, nikiitafutia mahali ambapo yeye mwenyewe yumo. Hakuwemo.

"Basi hapana, mzee," nikasema. "Nakushukuru kwa kunichagua."

Devota akapiga kigelegele peke yake, kikaanza vizuri kikafa njiani. Mzee hakukasirika. Alikaa vilevile, akamwinamia Gosbert akauliza, na maiki ikasikika uwanja mzima:

"Na yule wa Mofu?"

Stefania alikuwa ameshasimama kabla hajaitwa. Alipita mbele yangu bila kunitazama, na mimi nikasogeza miguu apite.

*

Video ilipotoka, mimi sina simu ya kutazamia, nilioneshwa na wanajumuiya wenzangu wa kanisani. Ilionesha mzee ananichagua, watu wanapiga makofi, na mimi nasema, "Basi hapana, mzee." Hakuna swali la presha, hakuna sukari, hakuna binti. Chini yake watu walikuwa wameandika maneno mengi na mama mmoja alinisomea bila kusita. Bibi ana maringo. Mzee wa watu amekosea nini. Wanawake hata wakizeeka hawaridhiki. Mwingine aliandika kwamba nilikuwa natafuta pensheni kubwa zaidi.

"Mama Adolf," wakanitania baada ya sala, "unamsubiri wa wapi sasa?"

"Wa mbinguni," nikasema, wakacheka, nami nikacheka.

Edna alikuja mwezi mmoja baadaye. Alikaa pale pale kwenye kinu, hakuvua viatu.

"Bibi, mimi ndiye niliyekata yale maneno. Gosbert aliniambia nikate, mwenye duka la magodoro hakutaka habari za vidonda."

"Ulikuwa kazini."

"Ningekataa."

"Ukikataa angekata mwingine, na wewe ungekuwa huna kazi."

"Ulikataa wewe."

Nikamwambia kukataa kwangu ni kwa mtu mzima asiye na ajira, hakumpunguzii mtu chakula. Hakuridhika. Alininunulia sukari na sabuni, akaondoka mapema, na tangu hapo anapiga simu zaidi kuliko anavyokuja. Ninajua ni aibu. Nimemwambia haina haja, lakini aibu haiondoki kwa kuambiwa. Devota naye alirudi kwenye vitumbua vyake, anaamka saa tisa usiku, akifika jioni hana miguu. Tukionana stendi ananiita mpwa wangu mbele ya wateja, ananiongezea kimoja.

Ndoa ya Stefania ilitangazwa kanisani Jumapili tatu, ikafungwa Septemba. Nilimwacha miezi miwili. Shangazi haendi upesi, ataonekana anachungulia. Novemba, joto lilipokuwa kali na kila mtu anatazama mawingu, nikabeba kilo mbili zangu za mchele nikaenda Viwanja Sitini.

Masufuria yalikuwa yanang'aa, yamepangwa juu ya kichanja. Uwanja umefagiliwa. Stefania alikuwa jikoni, amenenepa kidogo usoni, na aliponiona alisimama akanishika mikono yote miwili, hakuiachia upesi. Alikuwa na ungo wa mchele wa kuchambua. Nikakaa upande wa pili wa ungo, tukaanza, yeye huku, mimi huku, vijiwe na punje za mpunga tunatupa pembeni.

"Unaendeleaje?" nikamuuliza kama shangazi.

"Vizuri."

"Mzee anakutendeaje?"

"Hanigombezi." Akatoa kijiwe. "Usiku ananiamsha mara nne. Mguu."

"Kidonda?"

"Kinapungua. Daktari amesema ninaosha vizuri." Nikaona amelifurahia hilo, na nikafurahi naye. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea. "Mofu tulikuwa tunapura mpunga wanawake kumi. Tunaimba. Hapa nikimaliza kazi najaribu kuimba, naona haya. Nilikuwa nakungoja uje."

"Nimekuja."

"Ungekuja mapema."

Nilitaka kumwambia njoo na wewe kwangu, Lumemo si mbali, njoo hata mara moja kwa wiki tukae. Ndilo nililokuwa nimetoka nalo nyumbani. Nilikuwa nimelipanga. Kabla sijalisema sauti ikatoka chumbani.

"Nani huyo?"

"Ni shangazi yangu," Stefania akajibu.

"Shangazi yupi?"

"Mama Adolf."

Mzee akacheka kile kicheko chake. "Yule aliyenikataa. Mwambie karibu, hapa hatumkatai mtu." Tukacheka wote, hata mimi. Kisha akasema, "Mama, maji yamepoa. Njoo unibadilishie."

Stefania akafuta mikono kwenye kanga. "Nakuja sasa hivi," akaniambia. "Usiondoke."

Nikaendelea kuchambua. Nilimsikia akimimina maji, akichukua kitambaa, mzee akiguna, yeye akimwambia pole. Kisha mzee akataka dawa. Kisha akataka mto usogezwe. Kisha akawa anamweleza habari ya treni iliyoacha njia miaka ya zamani, habari ndefu, na Stefania anaitikia, mm, mm, kila mahali panapostahili. Jua likasogea kutoka kwenye mlango wa jiko mpaka kwenye magoti yangu. Nilimaliza upande wangu wa ungo, nikamaliza na upande wake.

Habari ya treni ilikuwa bado haijafika mwisho. Nikaumwaga mchele kwenye sufuria, nikaufunika na ungo ili kuku wasiuguse, nikaweka juu yake kilo zangu mbili ili ajue zimetoka wapi. Nikatoka kwa geti la nyuma bila kuaga, polepole, ili lisilie.